Japheth Onyango Abok, Aliyezaliwa Mwaka 1990

Marehemu Japheth Onyango Abok alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1990, kabla ya saa sita mchana, katika kijiji cha Ulwani karibu na Ugunja, wilaya ya Siaya. Mkiona karatasi nyingine, iwe pasipoti, kitambulisho cha kazi au hiki cheti kilichobandikwa juu ya sanduku, imeandika tarehe mosi Januari 1988, jueni hiyo karatasi imekosea. Mama yake, Jerusha, ndiye aliyekuwepo. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Kuku wa sikukuu alikuwa amefungwa mguu mlangoni pa jikoni, na mkunga alipomaliza kazi yake akamwomba kuku huyo, akapewa. Mama Jerusha anasema mtu hasahau mwaka aliokula mboga siku ya Pasaka. Japheth alikuwa mtoto wa nne kati ya watano wa marehemu Mzee Abok.

Kosa lilianzia mlangoni pa shule. Mwezi Januari 1995 dada yake Peninah alipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, na Japheth akamsindikiza tu, kwa sababu hakutaka kubaki nyumbani. Siku hizo huko kwetu mtoto alipimwa umri kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikwa, asiyelifikia alirudi kwao. Japheth alikuwa hajatimiza miaka mitano, lakini alizaliwa na mikono mirefu. Alipoona foleni akajipanga. Akalishika sikio, na kwa kujionyesha akalikunja mara mbili. Mwalimu mkuu akaandika: miaka saba. Mzee Abok alirudi nyumbani akicheka, akisema serikali imemkuza mtoto wake kwa siku moja bila kutumia unga. Cheti cha kuzaliwa kilipokuja kutafutwa baadaye, kilifuata daftari la shule, na kwa kuwa daftari halikuwa na siku wala mwezi, karani akaweka mosi Januari kama walivyozoea.

Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 2002 na sekondari mwaka 2006, akiwa na miaka kumi na sita. Huko sekondari alijifunza mpira wa magongo. Alianza na gongo la mti wa mpera alilolichonga mwenyewe, na walimu walisema kwamba hata wakubwa wake kwa miaka miwili hawakuweza kumpokonya mpira. Mwezi Agosti 2007 watu wa Doha walikuja Kisumu kutafuta vijana, wakampenda. Alifika Qatar tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo. Klabu nne zilikaa chumba kimoja kuchagua vijana kwa zamu, na Japheth akachaguliwa wa sita kati ya arobaini. Barua ya siku hiyo Mama Jerusha anayo mpaka leo.

Klabu iliyomchagua hatuitaji, kwa maana klabu haikuwa na kosa. Mtu ndiye alikuwa na kosa. Mtu huyo ni Mwalimu Trevor Kisanya, Mkenya mwenzetu, aliyepewa kazi ya kupima maendeleo ya vijana hao. Alimpima Japheth kwa mwaka mmoja: mbio, nguvu, kimo. Tarehe 15 Desemba 2008 aliandika ripoti ambayo marehemu aliijua kwa moyo kama wengine wanavyojua zaburi. Ilisema hivi: "Anakaribia miaka ishirini na moja. Mwili umefika mwisho, hataongezeka. Asipotezewe muda."

Japheth alikuwa na miaka kumi na minane. Alimwendea Mwalimu Trevor kwa heshima, akamweleza habari za sikio na Pasaka. Trevor akacheka mbele ya wenzake.

"Nimeona vijana wengi wa kwetu wakipunguza umri," alisema. "Wewe wa kwanza kuniambia umri wa serikali umezidi. Omera, ndugu yangu, nenda kakue kwanza, halafu uje udanganye."

Mama Jerusha alisafiri hadi misheni, akatolewa kadi ya ubatizo ya mwezi Juni 1990, akaituma. Kadi ilifika mwezi Machi 2009. Aliyeipeleka mezani kwa Trevor ni Hassani, Mtanzania wa Tanga, aliyekuwa mpeleka barua wa ofisi ile, na yuko hapa leo kama kuna mwenye shaka. Alimwona Trevor akiisoma mara mbili, kisha akaifungia kwenye droo. Hassani akauliza kama amwite kijana. Akajibiwa: "Ripoti ikishapanda kwa mudiri, mkubwa wetu, hairudi. Nikisema nilikosea mwaka wa huyu, wataniuliza nimekosea miaka ya wangapi."

Kwa hiyo alijua. Hilo ndilo tunaloomba lisikike vizuri hapa leo. Kukosea si dhambi, hata mwalimu mkuu wa Ulwani alikosea. Trevor alijua, akafunga droo.

Marehemu aliachwa na klabu, akaajiriwa ulinzi na kampuni moja huko Al Rayyan. Hapo ndipo Mungu alipoanza kutoa ushahidi. Katika miaka miwili alirefuka sentimita tisa. Aliomba suruali mpya za kazi mara tatu katika mwaka mmoja, hata msimamizi wake, Collins, akamuuliza kama huko langoni anakula saruji. Na kila tarehe 14 Aprili alimtumia Trevor ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2010: "Leo nina ishirini. Nimeongezeka." Mwaka 2011: "Leo nina ishirini na moja, ule umri ulioniandikia. Bado naongezeka." Hakujibiwa hata mara moja, wala hakuacha.

Aliunda timu ya magongo ya walinzi na madereva wa mtaa huu wa Muaither. Ijumaa, tarehe 12 Aprili 2013, timu hiyo ilialikwa kucheza na vijana wa klabu iliyomwacha. Japheth alifunga mabao matatu. Trevor, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne, alishuka uwanjani akiwa na kalamu na daftari, akamshika bega bila kumtambua. Alimuuliza ametoka wapi, na ana miaka mingapi.

"Inategemea nani anaandika, mwalimu," Japheth alisema.

Wenzake wanasimulia kwamba daftari lilifungwa polepole sana. Trevor akanyoosha mkono. Japheth akautazama, akaenda kunywa maji.

Mwaka huohuo, katika ibada ya kanisa, ambayo huku hufanywa Ijumaa, alikutana na Milka, aliyekuwa akifanya kazi ya nyumbani hapa Muaither. Milka alipomuuliza umri wake, alimuuliza naye anataka wa nani, wake au wa pasipoti. Milka akajibu, "Wa yule atakayekuja kwetu na wazee." Walifunga ndoa nyumbani tarehe 20 Desemba 2014. Milka alikuwa amemzidi kwa miezi saba, na alipenda kusema kwamba serikali ndiyo iliyomwozesha kwa mtoto. Binti yao, Cheryl, alizaliwa tarehe 3 Novemba 2015. Milka hakukubali kutoka hospitali kabla cheti hakijaandikwa, akakisoma mwenyewe tarakimu kwa tarakimu.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Januari 2016, akalazwa hapa Doha mwezi Machi. Mchungaji alimsihi amsamehe Trevor. Alijibu kwamba yuko tayari hata siku hiyohiyo, kwa sharti moja: aandike kwa mkono wake kwamba alikosea na alijua. Sharti hilo halikubadilika. Tarehe 14 Aprili alituma ujumbe wa mwisho: "Leo nina ishirini na sita. Sasa ndiyo naanza kupungua."

Safari hii Trevor alikuja. Alileta zabibu na maua, akakaa kitini, akaongea habari za joto. Japheth alimwacha amalize.

"Mwalimu, nina miaka mingapi?"

"Hayo tuliyamaliza zamani, Japheth. Pumzika kwanza."

Japheth akageukia ukutani. Zabibu aliagiza wapewe wauguzi. Alifariki Jumanne, tarehe 24 Mei 2016, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka ishirini na sita, mwezi mmoja na siku kumi.

Ameacha mjane wake, Milka, na binti yake, Cheryl, wanaomngojea nyumbani. Mama yake, Jerusha. Dada zake Peninah na Charity. Kaka zake wawili. Mjomba wake Laban wa hapa Doha. Na walinzi na madereva wa Muaither wanaolibeba sanduku hili leo kwenda uwanja wa ndege. Familia inawashukuru wote waliomuuguza.

Mwalimu Trevor Kisanya naye amekuja, ameketi safu ya tatu. Hatukumwalika, wala hatumfukuzi. Anajua na yeye kwamba mwosha huoshwa. Kitabu cha rambirambi kiko mezani, na ukurasa wa kwanza umeachwa wazi kwa ajili yake, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Gari litangoja mpaka saa kumi. Ukijazwa, Mama Jerusha atasomewa kaburini. Usipojazwa, utazikwa pamoja na marehemu ukiwa mweupe, na watakaohudhuria wataambiwa ni wa nani.

Mungu ampe Japheth pumziko lake. Sisi bado hatujapumzika.