Taa ya Binti wa Redio

Benchi letu liko kibarazani kwa kinyozi, nami nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo hakuna neno linalonipita. Kinyozi tunamwita Mkasi, maana ulimi wake unakata kuliko vifaa vyake. Mwenzake ni Redio, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye akishapiga funda la kwanza la kahawa hazimiki tena. Asubuhi ile alikuwa kimya. Binti yake anafanya utafiti maabara, mtaa wa pili, na mkubwa wake alikuwa amemwambia wazi: vipimo vyako havielewani, ukishindwa kunieleza leo, kazi nampa mwingine. Mara tukamwona binti anakuja mbio, koti jeupe bado mwilini.

— Baba! Sikukosea!

— Taratibu, mama, utaanguka. Hukukosea nini?

— Vipimo! Si nilikwambia, ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachopeleka ujumbe, fanya hiki, acha kile? Leo nakipima kinachapa kazi, kesho nakikuta kimelala. Wakasema mimi mzembe.

— Nani kasema? Redio akasimama.

— Kaa, baba! Kumbe nilikuwa nazisaga seli zote pamoja, zilizozaliwa sasa hivi na zilizo karibu kugawanyika. Nikaacha. Nikachukua seli moja hai, nikaitia kitu kinachong'aa kimeng'enya kikifanya kazi, nikaikodolea macho kwenye hadubini. Ilipozaliwa, giza. Ilipokua, ikaanza kung'aa kidogo kidogo. Ilipokaribia kugawanyika, ikawaka yote kama taa kubwa za lori! Halafu zikawa mbili, taa ikazimika.

— Na mkubwa wako?

— Katazama mwenyewe. Kavuta kiti, kakaa, katazama tena. Kaniambia, "Nisamehe, dada. Kazi ni yako."

Redio alimkumbatia hadi kahawa ikamwagika kwenye viatu vya mteja wangu. Hakuna aliyejali. Mkasi akaacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, akaja na mashine mkononi.

— Nilijua! Ndiyo maana kuna wateja nawanyoa leo, wiki ijayo wamerudi kichaka. Kimeng'enya chao hakilali!

— Wewe unajua nini? akasema Redio, sauti imemrudia. Hiyo ni gia. Mlima ukikaribia unakanyaga mafuta, ukivuka unaachia. Binti yangu kaona gia za mwili!

— Basi tukiwashe kwa watu wote kwa mpigo mmoja, akasema Mkasi. Tukue hadi tutoboe mapaa!

— Mimi naanza na meno, nikadakia. Niote mapya.

— Meno? akasema Redio. Tuote mikono mingine miwili! Mmoja usukani, mmoja gia, mmoja kikombe...

— Na wa nne? nikamuuliza.

— Wa kukunyamazisha wewe!

Binti alicheka hadi akashika ukuta, kisha akatikisa kichwa.

— Msikiwashe, wazee wangu. Kikikataa kuzimika, seli zinaweza kugawanyika ovyo bila breki. Saratani nyingine huanza namna hiyo. Ndiyo maana nataka kujua kinawaka lini na kinazimika lini.

Hapo mwanamke mgeni, aliyekuwa akingoja nimalizie ndara za wanawe, akajisogeza kwenye benchi. Pacha mmoja alikuwa amelala begani kwake, mwingine anamvuta kitambaa cha kichwani.

— Samahani, mwanangu, akamwambia binti. Hawa wangu nimewazaa siku moja, ila huyu akiamka, yule ndiyo kwanza anakoroma. Hizo seli mbili zilizotoka kwenye moja, taa zao zinawaka pamoja, au kila moja kwa wakati wake?

Binti alimtazama pacha mmoja, kisha mwingine.

— Mimi niliifuata moja tu, akasema polepole. Ilipogawanyika... nikaacha kutazama.

Macho yakamtoka. Akamshika yule mama mikono yote miwili, akamshukuru, kisha huyoo, mbio maabara kuzifuata zote mbili, koti linapepea.

— Mwanangu, hata kahawa hunywi? akapiga kelele Redio.

Hakugeuka. Mkasi akamtazama Redio, Redio akanitazama mimi, nami nikainamia ndara. Redio akamwagizia yule mgeni kahawa, na Mkasi akarudi kumalizia ile nusu ya kichwa.