Nisindikizeni, Msinisemee

Wapendwa, leo sitaanza na pambio. Nikiimba hasira itanitoka, na hii hasira naihitaji mpaka nimalize kusema.

Wengi mnanijua. Natunza wazee majumbani huko Wheaton, na jioni nimekuwa nikisoma community college, kile chuo cha miaka miwili, ili nihamie university, nikawe nesi. Siku ya kwanza nilimwendea mshauri wa wanafunzi nikamuuliza, "Nikitaka uuguzi, nichukue masomo gani?" Akaangalia kompyuta, mimi hata hakuniangalia, akasema chukua baiolojia hii na kemia hii, utakuwa sawa. Ndugu zangu, nawaambia, sisi tumelelewa kwamba mtu aliye nyuma ya meza akisema, amesema. Nikamshukuru. Nikasoma mgonjwa wangu akisinzia, nikapita yote.

University ikanikubali. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Halafu wakaniambia baiolojia yako si ile ya manesi, na kemia yako hatuitambui. Rudia zote, na nafasi yako tutampa mwingine. Yaani mtu akutume dukani, ununue alichokutuma, kisha akwambie kale mwenyewe! Nililia, sitawaficha.

Sasa mnajua desturi yetu. Jambo zito haliendewi peke yako. Nikamwomba mzee mmoja wa ushirika huu, yuko hapa, anajijua, na mama mmoja wa maombi. Tukaenda kwa mkuu wa idara ya uuguzi kule university kama watu wanaopeleka posa. Mzee amevaa suti. Akaanza mbali: akasalimia, akashukuru kwa kupokelewa, akaeleza vile mimi ni mtoto mtiifu. Mtoto! Na miaka yangu hii yote! Mimi nimeinamisha kichwa, mikono mapajani, heshima tupu.

Yule mkuu akamkata. Akasema sheria inamruhusu kuongea na mwanafunzi peke yake. Halafu akamuuliza mzee, si mimi, "Kwani huyu anaongea?" Vile unavyomuuliza mwenye mbwa kama mbwa wake anauma.

Wapendwa, nilichemka. Nikainua kichwa nikamwambia, "Naongea. Naongea lugha tatu na naweza kukasirika kwa zote. Niliuliza, nikajibiwa, nikatii. Sasa niambie, ni nani alisoma hayo masomo yangu akaona hayafai? Nataka kumwona."

Akafungua faili langu, akatafuta jina la aliyelisoma. Kumbe hakuna aliyeyasoma. Kompyuta ndiyo ilikuwa imekataa! Jasho langu lote, na hakuna binadamu aliyelitazama! Nikasema sitoki hapo mpaka niambiwe ni nani atayasoma na lini. Mzee akanivuta mkono, "Mama, tutarudi siku nyingine." Nikamwambia, "Mzee, keti." Mnacheka, lakini mimi sikucheka. Sijawahi kumwambia mtu mzima aketi.

Wakanipa jina na tarehe. Mwalimu wao akaisoma kemia yangu, ikakubaliwa. Baiolojia narudia, na inaniuma kila ninapofungua kitabu. Lakini nafasi yangu ilibaki, naanza muhula ujao. Amina? Msiseme amina haraka. Ni wangapi waliambiwa hapana na kompyuta, wakashukuru, wakarudi nyumbani? Wengine wamekaa hapa hapa. Mimi bado nimekasirika kwa niaba yenu.

Namshukuru mama wa maombi, ambaye hakuacha kunishika mgongo pale ofisini. Namshukuru mwalimu wangu wa kemia kule community college, aliyewapigia simu university kunitetea bila kubembelezwa. Na mzee, asante. Uliketi. Tukiwa tunarudi huku Lanham hukuninunia, ulisema tu, "Kumbe tungekuacha uanze wewe kusema."

Basi mkiniuliza nimejifunza nini, ni hili. Unayetaka kuhamia chuo, usimuulize mshauri wa unakotoka peke yake. Muulize na wa unakokwenda, kabla hujakaa darasani hata siku moja. Na ninyi wazee wetu, tusindikizeni, tunawahitaji. Lakini msitusemee tukiwa tumekaa hapo hapo.

Binti yangu anaanza college mwaka huu. Huyo Kiswahili anakisikia, kujibu ni Kiingereza. Wiki ijayo ana miadi na mshauri, na jana aliniuliza kama nitaingia naye. Nikamwambia nitampeleka mpaka mlangoni, kisha nitamngojea kwa gari.

Niombeeni, wapendwa. Niombeeni nikae kwa hilo gari.