Muuguzi Aliyeuingiza Upweke Katika Faili la Mgonjwa

Marehemu alikuja duniani tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe muuza maziwa. Walikaa nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Alizoea kulala huku cherehani inalia, na hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba kimya ndicho kinachomkosesha usingizi. Mdogo wake wa kiume alizaliwa miaka tisa baadaye, kwa hiyo utoto wake mwingi aliucheza peke yake, na wanasesere aliowashona kwa mabaki ya vitambaa. Wote walikuwa wagonjwa. Baba yake alipita siku moja na mkasi mkononi, akauliza, "Huyu naye anaumwa nini leo?" Akajibu bila kuinua uso, "Huyu haumwi, baba. Huyu anataka kubebwa tu."

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha matofali, kisha akaenda sekondari ya bweni, ambako muhula mzima wa kwanza hakusema neno, hata mwalimu wa bweni akadhani wamepokea bubu. Januari 1970 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Septemba 1973. Mkufunzi wake alimpenda lakini alimsema kila siku: "Wewe binti ukikaa kwa mgonjwa mmoja ndiyo umehamia. Vitanda vingine navyo vina watu!"

Alianza kazi mwaka huohuo katika wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, mwisho wa korido ndefu yenye madirisha upande mmoja. Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi wa mashine za eksirei wa hospitali hiyo, mtu mpole, mrefu, mwenye maneno machache kuliko mashine zake. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, mwaka 1978. Waliowatembelea wanakumbuka jioni zao: mume anatengeneza redio, mke anapiga pasi sare yake, na hakuna anayesema kitu, na wote wawili wana raha.

Mwaka 1979 lilitokea jambo lililoyageuza maisha yake. Mwashi mmoja mzee alilazwa baada ya kiharusi chepesi, na sahani yake ikawa inarudi na chakula. Muuguzi wa asubuhi aliandika kwamba mgonjwa ni mkaidi. Wa mchana, naye ndiye marehemu, akaandika kwamba hana hamu ya kula. Wa usiku akaandika kwamba amechoka. Kila zamu ilisoma neno la zamu iliyotangulia ikaona ni jambo dogo lililokwisha kupita, na yenyewe ikaanza na lake. Kumbe mzee alikuwa hawezi kumeza. Walipong'amua, chakula kilikuwa kimeshaingia mapafuni. Marehemu alimsindikiza mjane wa mzee hadi getini. Miaka mingi baadaye bado alisema, "Tulikuwa tunamtazama sote. Tungetumia neno moja, yule mzee angerudi nyumbani."

Kwa hiyo alipoitwa mwaka 1987 kwenye jopo la kuandaa istilahi sanifu za utambuzi wa kiuguzi, hakuuliza posho wala usafiri. Watu wengi, hata ndugu, hawakuelewa kazi hiyo ni ya nini. Alieleza hivi: daktari anautaja ugonjwa, na muuguzi anataja kile ambacho ugonjwa umemfanyia mtu, kile ambacho muuguzi mwenyewe anaweza kukishughulikia kabla zamu yake haijaisha. Wawili wanaweza kulazwa kwa mguu uliovunjika; mmoja hapati usingizi, mwingine anaona haya kuogeshwa. Kila neno lilipaswa kuwa na maana moja, chanzo chake na dalili zake. Kisha lilipelekwa wodini kujaribiwa: wauguzi ambao hawajazungumza wao kwa wao walimwangalia mgonjwa yuleyule, wakaandika. Wakiandika neno moja, neno limepita. "Kumeza kwa shida" lilipita jaribio la kwanza. Marehemu alitoka nje barazani, akakaa kidogo, akarudi amenawa uso.

Kazi hiyo aliileta mpaka nyumbani. Mwanawe akilia, aliulizwa kama wodini.

"Tatizo?"

"Njaa."

"Chanzo?"

"Hamjapika!"

"Dalili?"

"Si hivi nalia, mama!"

Ndipo wajukuu nao, walipokuja kuzaliwa, wakamwita Bibi Dalili, na jina likamganda.

Mumewe alifariki ghafla karakanani mwezi Mei 1991. Mtoto alikuwa bweni. Marehemu alirudi kazini baada ya maziko, na kwenye kikao cha kwanza cha jopo aliomba neno moja liongezwe kwenye orodha: upweke. Mwenyekiti, matroni mstaafu aliyejulikana kwa mzaha, alivua miwani.

"Dada yangu, upweke tutautibu na nini? Tuandike 'mgonjwa apewe rafiki mmoja kutwa mara tatu baada ya chakula'?"

Chumba kizima kilicheka, na yeye akacheka. Kisha akasema, "Sawa. Lakini tusipouandika, zamu inayoingia tutaikabidhi nini?"

Walilijaribu. Wauguzi wengine wakaandika huzuni, wengine wakaandika kutengwa, wengine wakaacha wazi. Chapa ya kwanza ya orodha ilitoka mwaka 1994 bila neno lake. Alishiriki hafla ya uzinduzi, akapiga picha na wenzake, na ukiitazama picha ile utaona yuko pembeni kidogo, kama aliyeingia kwa bahati mbaya.

Hakuliacha. Aliwaambia wenzake kwamba mtu anaweza kuwa na wageni tele na akawa mpweke, na mwingine akakaa peke yake kutwa anapiga mluzi, kwa hiyo neno kutengwa halitoshi. Akaanza kutafuta dalili ambazo jicho la muuguzi yeyote lingeziona. Kuna mgonjwa anayeuliza saa ilhali saa iko ukutani mbele yake. Kuna anayebakiza swali dogo mpaka muuguzi ameshika kitasa. Kuna anayeacha chai ipoe akimsubiri mfagiaji, ainywe huku mtu yumo chumbani. Aliyaona hayo wodini. Ndugu waliojua nyumba yake wanadhani mengine aliyaonea nyumbani, maana mwanawe alikuwa amekwisha kuwa mpima ardhi na kazi ilimpeleka mbali. Alistaafu mwaka 2008, akaendelea kuwasumbua jopo kwa simu.

Neno lilipita mwaka 2011. Mwenzake wa zamani alimpigia asubuhi: "Limepita, dada! Wodi zote tatu wameandika sawasawa!" Alisimama na simu sebuleni. Hapakuwa na mtu. Baada ya muda msoma mita za maji akabisha hodi, na marehemu akamfungulia na kumweleza yote, mwashi, jopo, dalili, miaka ishirini. Kijana wa watu alisikiliza mpaka mwisho. "Hongera sana, mama," akasema. "Sasa, mita iko wapi?" Kisa hicho alikipenda mno. Alikisimulia akicheka mpaka akashika mbavu, na waliokisikia walicheka naye, kisha wakaenda zao.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2021. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, akalala ameegemea mito. Mei mwaka huu wa 2023 alilazwa katika hospitali aliyoitumikia, jengo jipya, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho. Ndugu walikuja kwa wingi saa za kutazama wagonjwa. Walisimama pande mbili za kitanda na kuulizana habari juu ya kichwa chake, fulani kapata kazi, fulani kahama, na kengele ilipolia wakamwambia apone haraka.

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa binti mdogo, aliyefundishwa kwa orodha ile chuoni. Siku moja marehemu aliomba faili lake. Akasoma kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani.

"Kupumua kwa shida, sawa. Hatari ya kuanguka, sawa. Usingizi uliovurugika, vizuri. Na ile nyingine mbona hujaiandika, mwanangu?"

"Ipi, mama?"

"Unaijua."

Binti alitazama viatu vyake. "Niliiona tangu Jumatatu, mama. Niliogopa. Ningekuandikia vipi wewe, na neno lenyewe ni lako?"

"Kwa hiyo ni heshima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi heshima yako imeniacha peke yangu tangu Jumatatu."

Binti alivuta kiti, akatoa kalamu, akaandika. Na neno likishaandikwa lina kazi zake, kama mengine. Muuguzi wa kila zamu huketi na mgonjwa kwa muda bila kifaa mkononi. Wageni huingia mmojammoja, na wanaketi. Jamaa wa karibu huambiwa waziwazi. Ndivyo mwanawe alivyopigiwa simu akiwa kazini, porini.

"Kaka, mama yako ana upweke."

"Ana nini? Si walisema ni moyo?"

"Moyo upo. Na upweke upo. Umo kwenye faili."

Mwanawe alisema baadaye kwamba angeambiwa "mama amekukumbuka," angejibu kwamba atakuja mwisho wa mwezi. Kwa hilo la kwenye faili alipanda gari siku ileile.

Alikuta kiti tayari kando ya kitanda. Ana ukimya wa baba yake, na alipokwisha kusalimia hakujua aendelee vipi. Mama yake akamwambia, "Sema chochote. Sema kazi yako." Akaanza kumweleza vigingi vya mipaka, jinsi vinavyong'olewa na watu na jinsi vinavyotafutwa, mashamba yanayogombaniwa, vilima ambavyo ramani imevisahau. Kila siku alikuja na kuendelea pale alipoishia jana. Ndugu wengine nao walijifunza kuketi. Marehemu hakusema mengi. Chai yake alikuwa akiinywa ya moto.

Alitutoka Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, mchana, wakati wa makabidhiano ya zamu. Mwanawe alikuwa katikati ya kumweleza mto uliohama na kuuacha mpaka wa mashamba mawili juu ya nchi kavu. Aliona kwamba mama amekwenda. Alimaliza kumweleza, ndipo akamwita muuguzi.

Ameacha mtoto mmoja na mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake wa kiume, wapwa, majirani, na wauguzi wa zamu zote, wanaomfahamu na wasiomfahamu.

Mwenyezi Mungu ampe usingizi mwema, na huko aliko asikose wa kuketi naye.