Ngazi Kumi na Saba

Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa madaktari na wauguzi, wanangu mliokaa mstari wa mbele kana kwamba nitaanguka, na ninyi wenzangu wa magoti mabovu: salamu zangu kwa wote. Nimeombwa nimuage mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, anayestaafu leo. Mimi ni fundi cherehani, si msemaji, kwa hiyo nikienda kombo mtanisamehe.

Cherehani yangu iko ghorofani, juu ya ngazi kumi na saba. Mwaka juzi miguu ilinigomea. Wanangu wakafanya kikao bila mimi, wakaamua cherehani iuzwe, nami nihamie kwa kitinda mimba wangu, nikae tu. Nikae tu! Je, mtu aliyeshona sare za mtaa mzima kwa miaka hamsini anaanzaje kukaa tu?

Nikaletwa kwa huyu mtaalamu, ambaye kwa umri namwita mdogo wangu. Akanifunga mkanda mpana juu ya paja, akaujaza upepo kwa kipimo, damu ikapunguziwa njia mguuni, kisha akanipa uzito wa kilo moja. "Dada, nyoosha goti mara thelathini." Nikacheka. Nilipofika ishirini kicheko kilikwisha, paja linawaka moto. Akasema, "Misuli inadhani umebeba gunia. Goti lako halina habari."

Sasa niungame. Niliutazama ule mkanda kwa jicho la fundi, nikaona ni kitambaa na mshono tu. Nikajishonea wangu nyumbani kwa sindano ya mkono, wa lastiki, nikaukaza kweli kweli. Mguu ukageuka zambarau! Mkwe wangu alikuja mbio na mkasi.

Kesho yake nikampelekea mtaalamu vipande vya mkanda wangu, nikisubiri kufokewa. Akaugeuza mshono, akaukagua. "Dada, mshono safi sana. Lakini bila kipimo, huu ni kitanzi." Kisha akaniuliza, "Unaweza kunishonea vifuniko vya mikanda ya wagonjwa wote?" Nililia pale pale. Tangu miguu inigomee, hakuna aliyekuwa ameniomba kazi.

Nikaenda mara mbili kwa wiki, miezi minne, nikimnung'unikia kila siku. Wanangu, mnaikumbuka Jumapili mliyokuja na mnunuzi? Mlisimama sebuleni mkiita, "Mama! Mama yuko wapi?" Mkasikia cherehani inanguruma juu ya vichwa vyenu. Mnunuzi alikuwa muungwana, aliaga akaenda zake.

Mdogo wangu, simama wakuone. Hilo gauni ulilovaa nimelishona mimi, kule juu, na kila siku ya kulishona nilipanda ngazi zote kumi na saba bila kushikwa mkono. Umestaafu, lakini mimi bado niko kazini, na hilo ni kwa sababu yako.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Na wewe mwanangu uliyeinuka kuja kunishika nishuke jukwaani, rudi ukae. Nitashuka mwenyewe.