Majaruba Matatu ya Devota wa Katindiuka

Baba Paroko, wafiwa wenzangu na majirani wa Katindiuka, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mdogo wangu Devota Lihami, na mnisamehe nikiharakisha, kwani jibu alilolisubiri kwa siku mia moja na themanini lilipatikana jana saa kumi alasiri, na wengi wenu bado hamjalisikia.

Marehemu alizaliwa Idete tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1976 hadi 1982, kisha akashika jembe, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na miwili. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Osward Matimbwa, wakahamia hapa, wakajaliwa watoto wawili, Noela na Emanuel.

Aprili 2009, kwa ajili ya kipaimara cha Emanuel, alibomoa tuta linalozuia maji ya jaruba, kitalu chake cha mpunga, ili maji yatoke anase kambale wa sherehe, wakati mpunga ukichanua, na mvua ikakatika siku kumi na moja. Sherehe ilifana, lakini masuke yalibaki wima, mapepe matupu. Tangu hapo alipima kina cha maji kila asubuhi, akatambua kwamba hata sisi tunaosubiri zamu ya trekta na kupanda Februari tunaunyima mpunga maji siku zile zile za kuchanua.

Desemba iliyopita alilisema hilo mbele ya kikundi chetu cha wakulima ishirini na watatu, jirani yake Kija akacheka, "Dada Devota, mpunga hausomi kalenda!" naye akamjibu, "Hausomi, kaka, lakini unakunywa, na wewe unaukaribisha mvua ikishaaga." Wakakubaliana majaruba matatu, robo ekari kila moja, mbegu moja, kupanda tarehe 20 Desemba, 20 Januari na 20 Februari, na la kwanza likishinda, kikundi kizima kizibue mfereji mapema, kilime kwa jembe na kupanda Desemba.

Machi figo zake zilianza kushindwa kufanya kazi, akalazwa mara tatu. Jaruba la kwanza lilichanua likiwa na maji sentimita nane, likatoa gunia sita, tulizozikausha kwenye turubai kati ya mvua na mvua. La pili likatoa gunia nne na nusu. La tatu lilichanua tarehe 21 Mei, siku kumi baada ya mvua kukoma, naye wodini aliliulizia kabla hata hatujamaliza kumsalimu. Alifariki Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, saa tatu asubuhi, likiwa bado halijavunwa.

Jana Kija mwenyewe aliingia na mundu, akavuna, akapiga, akapepeta, Noela akipima: gunia moja na debe mbili! Ndugu zangu, kwa debe sita kila gunia, la kwanza limelizidi mara nne na nusu, ardhi ile ile, mbegu ile ile! Kija akakaa chini kwenye mabua, akasema, "Dada huyu kaniweza," kisha akawa wa kwanza kujiandikisha kuzibua mfereji, na asubuhi hii orodha imetimia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji, na wanakikundi wote.

Pumzika kwa amani, Devota. Tarehe 20 Desemba tutakuwa shambani.