Msiifunike Sakafu ya Pijo

Sogeeni, wanangu. Yusra, rudishia mlango, halafu kaa hapa nikuone. Chande, weka chini hilo kopo la lami, na usiniambie unarudi baada ya dakika tano, maana dakika tano zako nazijua. Tangu asubuhi nakusikia ukikunjua mazulia huko uani, nikajua unataka kuifunika sakafu ya Pijo leo, na hilo ndilo lililonifanya niwaite mapema kuliko nilivyopanga. Mali nyingine haina maneno: nyumba hii ya Ujiji na michikichi ya Kidahwe mtagawana kama dini inavyosema, na shehe anayo karatasi. Mimi nataka kuwaambia habari ya gari hilo la Pijo.

Mnajua kwamba kabla ya gari nilikuwa fundi wa kukalafati maboti. Miaka zaidi ya ishirini nimesokota pamba, nikaichovya kwenye mawese, nikaisindilia kwa nyundo kwenye nyufa za mbao, na boti niliyoiziba mimi haikuingiza maji. Sifa zile zilinilevya. Nilipolinunua Pijo kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, sakafu ilikwisha kuanza kuliwa na kutu, nikalipeleka Mwandiga kwa Habonimana, yule mchomeleaji wa Kirundi mliyekuwa mkimwita baba mdogo. Alilifanyia kazi siku tisa. Alikwangua kwa brashi ya waya mpaka bati likang'aa, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, akingoja ya kwanza ikauke kabisa ingawa nilikuwa nimemsimamia kichwani, ndipo akalaza lami, na juu ya lami zulia la kupunguza kelele. Vile vitundu vya chini vya kutolea maji akaviacha wazi. Akaniambia, "Mzee Haruna, humu usizibe kitu. Maji yakiingia, yapate pa kutokea."

Sikumsikiliza. Gari lilikuwa likikodiwa kubeba maharusi, na bibi harusi mmoja akalalamika kwamba sakafu inanguruma mpaka hasikii nyimbo anazoimbiwa. Nikaona aibu. Ijumaa moja baada ya swala nikafunua zulia, nikasindilia pamba ya mawese kwenye maungio yote na kwenye vitundu vile, kama nilivyozoea kwenye boti, nikatandika magunia, nikarudisha zulia. Gari likawa kimya, nami nikajisifu barazani mwezi mzima. Sikia, Chande, hili ni la kazi unayotaka kuifanya: ubao ukilowa huvimba ukajibana wenyewe, ndiyo maana pamba inaufaa, lakini bati likikaa na pamba iliyolowa huoza. Labda nililijua hilo nikalidharau, kwa sababu aliyenionya alikuwa mdogo kwangu, tena mgeni.

Mwaka wa pili, mvua za Machi, tulikuwa tunatoka Kidahwe, mama yenu Zuhra amekaa mbele pamoja nami, sakafu ikakatika chini ya miguu yake. Mguu ulipita mpaka barabarani. Mnakumbuka alivyochechemea mpaka tunamzika. Bati linalooza hulia kwanza, mtu akasikia, akasimamisha gari. Mimi nilikuwa nimelinyamazisha.

Siku ya soko nikaenda Mwandiga, nikasimama mbele ya banda la Habonimana watu wakiwa wamejaa, nikamwita mla pesa za watu, nikasema mkimbizi gani huyu anayewalemaza waliompokea. Nililisema neno hilo, wanangu. Yeye akanitazama tu, akasema, "Mzee, tufunue sakafu tuone." Nikakataa. Wateja wakamkimbia, na mwaka haukuisha kabla hajapakia mashine yake akahamia Kalinzi, ambako mpaka leo anaunga majembe na baiskeli za wabeba kahawa.

Niliporudi nyumbani siku ile ya soko niliifunua sakafu peke yangu. Penye rangi yake bati lilikuwa zima, ukiligonga linaita. Penye pamba yangu kidole kilipita. Nikarudisha zulia juu yake, nikaliegesha gari uani, nikawaambia nimelichukia. Leo ni mwaka wa kumi na nne.

Mama yenu, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema, "Baba Yusra, msamehe yule fundi." Nikamjibu, "Nimeshamsamehe." Akanishukuru. Ameondoka duniani akinishukuru, na naona haya kuwatazama nikilisema hili. Habonimana alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa ya watu, nami nikampa mkono kwa kiburi cha mtu anayesamehe.

Nipe maji, Yusra. Kidogo. Basi.

Chande, usiguse sakafu ile. Tafuteni lori, lipakieni gari mpaka Mwandiga, siku ya soko, palepale lilipokuwa banda lake, mfunue zulia na magunia mbele za watu, na pamba yangu mwiache ilipo waione. Lakini kwanza, Yusra, panda Kalinzi ukamwombe awepo. Gari ni lake. Halifiki theluthi ya nilichonacho, kwa hiyo sijamdhulumu mrithi. Akitaka kuliuza vyuma chakavu, ni juu yake. Akitaka kulitengeneza, wewe Chande ushike msasa, uwe chini ya amri yake, na akikwambia subiri rangi ikauke, usubiri.

Najua mtaona aibu, kwa kuwa jina langu ndilo lenu. Nivumilieni. Haki ya mja Mungu hamfutii mtu mpaka mwenyewe aseme, na mimi sina tena miguu ya kufika Kalinzi.

Nimewaridhia. Wewe, na wewe. Kwa maji mliyonipa, kwa kunigeuza usiku na mchana bila kununa... Mungu awape watu wa kuwaambia ukweli, awape na masikio. Msigombane. Nyumba... mmeshasikia habari ya nyumba.

Yusra, sogea, sauti inaniishia. Ukifika kwake, mwamkie kwanza. Atauliza hali yangu, ni mtu wa adabu. Usimwambie nimemsamehe. Mwambie... mwambie Haruna anaomba.