Ghala la Sola ya Mwezini

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Ghala, shikamoo. Viongozi wa dini, wazee na majirani, poleni na matope ya barabarani.

KARIBU

Sisi wana Kikundi cha Mkunjo, watu kumi na mmoja, tunakukaribisha ndani ya ghala hili ambalo leo umekuja kulichukua liwe la mbolea. Tuliagizwa tuandike risala ya shukrani. Tumejitahidi.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka mitatu iliyopita, mafundi sola wa Ifakara na wasukaji mikeka wa Kisawasawa. Chuo kimoja cha ng'ambo kilitangaza shindano la kubuni sola ya kupeleka mwezini: isafiri imekunjwa, ikifika ijikunjue yenyewe, maana kule hakuna fundi wa kupanda juu. Sisi mafundi tulipasua vioo mpaka tukaona aibu. Aliyetuokoa ni Bi Sikitu, msukaji, aliyesema, "Wanangu, mnakunja kama shuka. Mkeka ukikunjwa hovyo unakatika. Fuateni mshono, pale ukili unapokutana na ukili mwenzake."

TULICHOKIPATA

Sola ya mita nne sasa inaingia kwenye ndoo. Ukivuta uzi mmoja inafunguka yote. Tumeimwagia majivu ya pumba badala ya vumbi la mwezini, ikafunguka hivyo hivyo. Shindano linataka ifunguke mara mia bila kukwama. Tangu tupewe ghala hili tumefika sitini na moja.

CHANGAMOTO

Mwezini vitu ni vyepesi, kwa hiyo sola yetu tunaining'iniza kwenye kenchi, mbao za kubeba paa, na mawe upande wa pili ya kuipunguzia uzito. Paa lililo juu namna hii hatujaliona kwingine Ifakara.

Mheshimiwa, kwenye barua ya kuomba ghala tuliandika "mradi wa sola ya mwezi". Ofisi yako ikasoma siku thelathini. Tulipokwenda kueleza, karani alicheka, nasi tukacheka naye, maana tulikuwa na shida. Kisha akatuonyesha muhuri. Muda wetu ulikuwa umekwisha Jumatatu. Kosa ni letu, tungeandika "mwezini", herufi mbili tu. Inauma sana.

MAOMBI

Tunaomba wiki tatu. Mbolea tutaipanga upande mmoja, na kuibeba tutabeba wenyewe.

Kama haiwezekani, tuna ombi dogo. Bi Sikitu amelazwa hospitalini hapa mjini, kifua kimembana. Kila jioni anamuuliza fundi wetu Ignas tumefika ngapi. Jana Ignas alimwambia themanini, na kwamba mgeni rasmi anakuja kutuongezea muda. Bi Sikitu akaomba avalishwe kitenge kipya, labda utapita kumsalimia.

Wodi ni ya pili kushoto. Ukishafunga kufuli, tunaomba ukamweleze wewe. Sisi tumeshindwa.

Mungu akufikishe salama, na mbolea isinyeshewe.

Ni sisi, Kikundi cha Mkunjo, Ifakara.
Imesomwa na Eveline, katibu.